Mlango wa Kanisa Unataka Bibi Mwenye Shabaha

Kwa Mheshimiwa Lonzo Stidham,
Sherifu wa Kaunti ya Pruitt,
Kentucky.

Mheshimiwa Sherifu, ambaye pia ni mjukuu wangu kama bado anakumbuka,

Miezi saba! Nimeihesabu kwenye kalenda ya duka la mbolea, ile uliyonitundikia mwenyewe karibu na jiko ukasema, "Bibi, nitakuwa napita kila Jumapili." Kalenda hiyo imekwisha. Nimetundika nyingine kwa mikono yangu, nimesimama juu ya ndoo. Kila Jumanne naliona gari lako likishuka barabarani na mataa yake juu, na wewe umo ndani, unainua vidole viwili kutoka kwenye usukani kana kwamba unamsalimia ng'ombe wa jirani. Vidole viwili, Lonzo! Mimi niliyekuogesha kwenye beseni la kuoshea viazi mpaka ukafika miaka sita na miguu inaning'inia nje. Mtu akikaa miezi saba bila kufika kwa bibi yake, huku kwetu tunajua amekufa. Nilishaanza kufikiria gauni la kuvaa kwenye mazishi yako.

Krismasi nilikuwekea kiti na sahani. Ukamtuma askari wako na boksi lenye kadi: "Bibi, niko zamu. Hii ikulinde." Nikafungua nikijua ni soksi. Kumbe ni bastola.

Bastola hiyo ndiyo iliyoniandikisha barua hii. Nimepiga simu ofisini kwako mara nne. Yule binti wako wa mapokezi, Cassie, akaniambia, "Bibi Delphia, malalamiko ya mwananchi lazima yaje kwa maandishi, na kila lalamiko liwe na namba yake." Nikamjibu kwamba mimi sikukaa darasani hata asubuhi moja, na herufi nilijifunza ukubwani kwenye katalogi ya mbegu. Akasema, "Basi andika kama unavyoongea, bibi, ila namba uweke." Namba sizikosei. Nimefuga kuku maisha yangu yote.

Na usije ukasema bibi amezunguka mbuyu. Shida yangu ni moja tu: wanataka kuninyang'anya mlango.

Mlango wenyewe unaujua. Ni ule wa mbele wa kanisa letu, ambapo nimesimama miaka arobaini na mmoja nikikaribisha watu. Hakuna anayeingia mle bila kupita mikononi mwangu. Namkumbatia aliyeoga na asiyeoga, mwenye dhambi na mwenye mafua, hata yule wakala wa bima namkumbatia, tena sana, maana najua wengine hawamgusi. Sasa mwezi wa kwanza kamati ya usalama ya kanisa ilikaa, mwenyekiti wake Shemasi Thurman Begley. Ikala keki yangu ya tufaha mpaka ikaisha, kisha ikapitisha kwamba kuanzia sasa anayesimama mlangoni lazima awe na kibali cha kubeba bastola iliyofichwa, na afaulu mtihani wa shabaha. Risasi ishirini, na kumi na moja ziingie kwenye karatasi. Mtihani ni tarehe ishirini na nane mwezi huu. Kabla ya hapo naruhusiwa kusimama mlangoni kwa majaribio, bastola ikiwa mwilini. Nikishindwa, mlango anapewa Travis, mtoto wa dada yake Begley, mwanamume wa miaka thelathini anayesalimia watu kwa kugonganisha ngumi. Ngumi, Lonzo, ndani ya nyumba ya Mungu.

Nikasema sawa. Sijawahi kuikimbia kazi. Bastola ninayo, na kibali nimejaza fomu. Kilichobaki ni kujifunza kulenga kabla ya tarehe ishirini na nane. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kaunti yako imetutupa sisi wabebaji wapya, na malalamiko yangu ni haya:

1. Bei. Mafunzo ya siku moja kwa mwalimu Rustin, kule kwenye uwanja wa shabaha wa barabara kuu, ni dola mia moja na sitini, na chakula cha mchana hawatoi. Vizibo vya masikio unalipia mbali, miwani mbali, hata karatasi ya kutoboa unalipia mbali, na ukishaitoboa hairudishwi. Nikamwuliza, "Mwanangu, kuna bei ya wajane?" Akasema, "Kuna punguzo la wanajeshi wastaafu, mama." Nikamwambia nimelea watoto saba kwenye nyumba ya vyumba viwili na mabomba yaliyokuwa yakiganda. Akafikiri kidogo, akaniondolea dola kumi. Kijana ana adabu, bei yake ndiyo haina. Sasa, kaunti hii huchanja mbwa bure kila mwaka kwenye uwanja wa zimamoto, na mbwa wanapanga foleni vizuri tu. Naomba na sisi tupangiwe siku yetu. Ikibidi, niko tayari kupanga foleni moja na mbwa.

2. Masomo yenyewe. Kati ya saa nane nilizolipia, saba nilikaa kwenye kiti cha bati nikisomewa sheria. Rustin akasema, "Unaruhusiwa kufyatua pale tu unapohofia maisha yako." Nikainua mkono. "Na nikihofia maisha yake yeye?" Akafungua kitabu, akakifunga. "Hiyo haimo, mama." Naomba iwekwe.

3. Yule mtu wa karatasi. Lonzo, kuna mtu wa kijivu wanamtundika pale uwanjani. Uso hana na jina hana, ila mabega yake mapana ni ya akina Stidham kabisa, yaani nilimwona babu yako Burl amesimama pale ananingoja nimalize kufunga koti. Nikauliza, "Huyu ni wa akina nani?"

"Huyu si mtu, mama. Ni shabaha."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu! Mlenge katikati ya kifua."

Sasa mimi nitampigaje mtu ambaye hata mwalimu wangu anakiri kwamba hajafanya kitu? Nilipiga risasi kumi. Tisa nilizipeleka mlimani kwa hiari yangu, ya kumi ikamgusa sikio, nikamwomba radhi. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye changarawe. Naomba kaunti ichapishe shabaha zenye maelezo chini: jina, ukoo, na kosa. Kwa mfano: "Huyu aliusogeza uzio wa mjane futi sita akiwa mjane yuko hospitali." Niletee huyo. Nitamtia kumi na moja bila miwani.

4. Mazoezi ya nyumbani. Rustin aliponiona nahesabu pesa akanihurumia, akasema yapo mazoezi ya bure. "Nyumbani, mama. Unatoa risasi zote, unasimama mbele ya kioo, unachomoa, unalenga, unafyatua tupu. Mara hamsini kwa siku." Bure ndiyo bei yangu, nikashukuru. Ila yeye anasema mbebaji aliyefundishwa huchomoa kwa sekunde moja na nusu, na hakusema huyo mbebaji kavaa nini. Mimi nina koti la kanisa, chini yake sweta, chini yake aproni, chini yake gauni. Ni dakika nne, siku ambayo bega haliumi.

Siku ya tatu ya mazoezi nilikuwa nimehamia mbele ya mlango wa kioo wa barazani, kwa sababu kioo cha chumbani kinaninenepesha. Nikachomoa, nikalenga, na nyuma ya kioo pale pale akatokea mleta vifurushi. Akaweka boksi chini polepole, akalala kifudifudi, mikono kichwani. Nikatoka mbio. "Inuka, mwanangu, sakafu ina baridi hiyo!" Akasema, "Chukua gari tu, mama, funguo zimo." Gari la nini, na mimi macho yangu haya? Nilimwingiza ndani nikampa mikate ya moto na mchuzi wa soseji, akala akiuangalia mlango, lakini alikula minne. Tangu siku hiyo vifurushi vyangu anavirusha kutoka barabarani bila kusimamisha gari. Mbegu zangu za nyanya ziko mtaroni.

Halafu kuna friza. Nilitoa risasi zote kama nilivyofundishwa na kuzipanga mezani. Ila kulikuwa na moja iliyobaki juu, ndani ya chuma chenyewe, ambayo haikutoka na wenzake na wala haikunijulisha. Friza ikapiga kelele, ikatoa moshi, ikanyamaza. Ndani yake mlikuwa na yule paa uliyemwinda ukaniletea mwaka juzi. Nadhani ndiye paa pekee Kentucky nzima aliyepigwa risasi mara mbili, mara ya pili akiwa amegandishwa na kufungwa kwenye karatasi. Nililazimika kuipika nyama yote kwa siku moja na kulisha bonde zima. Watu walisema nyama ilikuwa nzuri. Risasi ilimwangukia mchungaji kwenye sahani yake, akadhani ni ile yako ya kwanza. Nami sikumsahihisha.

5. Risasi zinauzwa boksi la hamsini tu. Mimi siagi nanunua robo, mkate nanunua nusu. Mtu anayeishi peke yake atafanya nini na risasi hamsini? Naomba ziuzwe mojamoja, kama misumari.

6. Mahali pa kuficha. Serikali imesema ifichwe, lakini haikusema wapi kwenye mwili wa mwanamke wa miaka themanini na mmoja. Rustin anauza mikanda mizuri, lakini yote imeshonwa kwa mtu mwenye kiuno, na changu kiliondoka kabla hujazaliwa. Nilijaribu kwenye soksi, nikatembea kama bata aliyeumia. Nilijaribu kwenye mkoba, pamoja na leso na pipi zangu za mnanaa. Jumapili hiyo, wakati wa maombi marefu, Shemasi Begley akaanza kukohoa. Unanijua, mtu akikohoa kanisani mkono wangu unaingia kwenye mkoba wenyewe, wala siuangalii. Nikampa pipi. Akaitia kinywani amefumba macho, akauma. Lonzo, nilisikia lile jino kutoka nilipokaa. Akaitema mkononi, akaiangalia, akaniangalia. Risasi nzima, inang'aa. Akaninong'oneza, "Bibi Delphia, hii ni nini?" Nikamwambia, "Ni kanuni yako, Thurman. Tafuna."

7. Kukumbatia. Hili ndilo kubwa, lisome ukiwa umekaa.

Baada ya jino la Begley niliihamishia bastola kwapani, kwa kamba niliyoishona mwenyewe kutoka kwenye kibana tumbo cha zamani. Haikuonekana kabisa. Lakini kukumbatia si kazi ya macho. Jumapili ile watu themanini na tatu walipita mikononi mwangu, na wote themanini na tatu wakaigusa. Wengine waliruka kidogo. Mchungaji alisema, "Bibi, Mungu akutie nguvu," na sikujua kwa nini macho yake yana machozi. Jumatatu nikapigiwa simu na rafiki yangu Verlie. Unamkumbuka Verlie, yule anayekaa benchi langu na kuimba juu ya sauti yangu. Analia. "Delphia, kwa nini hukuniambia? Uvimbe una muda gani?"

Sasa niseme nini? Kamati ilisema anayesimama mlangoni haruhusiwi kumwambia mtu anachobeba. Imefichwa ni imefichwa. Nikasema, "Tangu Krismasi, Verlie." Akalia zaidi. Jumatano nikaombewa na kanisa zima, nimewekwa kiti katikati, mikono ya watu kichwani. Kufikia Ijumaa nilikuwa na mabakuli kumi na moja ya chakula mezani kwangu, na friza, kama nilivyokueleza kwenye namba 4, ni marehemu.

Wakati huohuo Rustin ananiambia mbebaji mzuri hamruhusu mtu asogee upande wa bastola, anasimama kiupandeupande, anaacha nafasi ya mikono miwili. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi kazi yangu ni kuiondoa hiyo nafasi." Naomba kaunti yako itoe mafunzo ya namna ya kumkumbatia mtu ukiwa umejihami. Kama hakuna anayejua, basi ofisi ya sherifu iunde tume.

8. Mabakuli. Kwa kuwa nilikuwa na mabakuli kumi na moja ya kurudisha, niliyarudisha kwenye chakula cha pamoja cha kanisa, Jumapili ya mwisho wa mwezi uliopita. Bastola kwapani sikuweza tena, maana kila aliyenipita aliupapasa uvimbe kwa huruma na kuuliza kama umepungua. Nikaiweka mahali ambapo hakuna jambazi duniani atakayepaangalia: kwenye ule mfuko wangu wa pamba wa kubebea bakuli la moto, wenye vishikio viwili na maua ya buluu. Nikaulaza chini ya meza ya mikate, karibu na mguu wangu. Nikajiona nina akili kumshinda Rustin.

Nilichosahau ni kwamba mifuko ile ya maua ya buluu tuliishona wanawake wote wa kanisa kwa kitambaa kimoja, majira ya baridi ya mwaka ule wa theluji kubwa. Inatofautishwa na kipande cha utepe chini ya bakuli chenye jina la mwenyewe. Na bastola haina utepe.

Nilifika nyumbani na maharage machanga ya Verlie yenye vitunguu vya kukaanga juu. Verlie alifika nyumbani na wewe unajua nini. Jioni ile alikuwa amemwalika mkwe wake, yule mume wa binti yake ambaye kwa miaka tisa amekuwa akisema atamtengenezea paa linalovuja. Verlie akamkalisha mezani, akamwekea sahani, akasali, akauweka mfuko mbele yake, akaufungua. Ananiambia mkwe aliweka uma wake chini. Mkwe akasema, "Mama, nitakuja kesho asubuhi." Na alikuja, Lonzo! Saa kumi na mbili, na ngazi. Paa limekwisha, sasa anapaka rangi baraza, na Verlie hajatamka neno. Ameniomba nimwachie ule mfuko wiki moja zaidi, nikamkatalia, kwa sababu nina mtihani. Lakini hebu fikiria ingekwenda kwa mtu asiye na paa bovu. Naomba kila bastola ya kaunti hii ibandikwe utepe wenye jina la mwenyewe, kwa chini, usionekane.

9. Sina mtu wa kufanyia mazoezi. Karatasi haitembei wala haisemi. Najua una watu pale jela wamekaa tu wanaangalia ukuta. Nitumie wawili kila Alhamisi, waje mlangoni kwangu wakijifanya wabaya, mimi nichomoe. Nitawalisha. Wakiwa na uwezo watanisaidia na kuni.

Na tukiwa hapohapo kwa watu wabaya. Rustin anasema nikimwona mtu nisiyemfahamu niwe tayari ndani ya ile sekunde moja na nusu. Lonzo, mimi nikimwona mtu nisiyemfahamu nina swali moja: "Wewe ni wa akina nani?" Sekunde moja na nusu sijafika hata kwenye jina la mama yake. Na nikifika, siku zote inakuwa ni binamu wa mtu. Sijawahi kukutana na mtu bonde hili ambaye nilimwuliza mpaka mwisho akabaki kuwa mgeni. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, utoe tangazo kwamba mtu yeyote anayekusudia kuja kanisani kwetu kwa ubaya atoe taarifa wiki mbili kabla, aandike jina lake na la baba yake kwenye daftari la wageni, na aje kwa miguu, taratibu, akitokea upande wa bega langu zuri. Na akifika anisubiri dakika nne.

Hayo ndiyo malalamiko yangu. Siombi upendeleo kwa kuwa ni bibi yako. Naomba kama mwananchi: mafunzo ya bei ya mbwa, risasi za mojamoja, watu wa karatasi wenye makosa, na mwalimu wa kukumbatia. Ukiona ni gharama kubwa, kuna njia ya bei rahisi kuliko zote. Kaunti hii ina mwanamume ambaye tayari analipwa kubeba bastola, anajua kulenga, na alibatizwa kwenye kanisa hilihili akilia kwa sababu maji yalikuwa baridi. Huyo akisimama mlangoni kila Jumapili, karibu nami, mimi nitabaki na mikono yangu na yeye atabaki na bastola yake. Nimemwekea nafasi. Lakini nasikia yuko zamu.

Basi nakuaga kwa heshima ya cheo chako, na kwa upendo ambao haukujali cheo. Nisalimie mkeo, umwambie ile sketi nimeshaipunguza urefu. Nisalimie Cassie, na askari wako wote wa usiku na mchana, na wale watu wa jela, na mbwa wa polisi yule mwenye sikio moja, na hakimu ukimwona ingawa hakunipigia kura kwenye shindano la pai.

Ni mimi bibi yako, mkaribishaji wa mlango wa mbele mpaka tarehe ishirini na nane,

Delphia Stidham

N.B. Sasa ni Jumapili mchana. Barua ilikuwa haijatoka, nilikosa stempu, na bora nilikosa.

Leo nilisimama mlangoni kwa majaribio, kama Rustin alivyonifundisha. Kiupandeupande, kiwiko juu ya bastola, nafasi ya mikono miwili. Watu wakapita wakitikisa kichwa. Shemasi Begley alikuwa nyuma yangu ameridhika, na jino lake jipya.

Akaja Eldon Roark. Labda huko kwenye zamu zako hukusikia, lakini Jumatano tulimzika mkewe, Nettie. Walikuwa wanakuja pamoja kwenye lile pikapu tangu wewe hujaanza kutembea, na leo alikuja peke yake, ameshika kofia kwa mikono yote miwili na shati hakuna aliyelipiga pasi. Akapanda zile ngazi, akanijia moja kwa moja kama anavyonijia kila Jumapili. Na mimi, Lonzo, nikampa kiwiko.

Akasimama. Akaniambia polepole, "Delphia, nimekukosea nini?"

Niliingia jikoni mwa kanisa, nikavua koti, sweta na aproni, nikaitoa ile bastola, nikaitia kwenye sufuria kubwa ya kahawa, nikafunika, nikamwambia Verlie, "Kaa juu ya hii, usiulize." Akakaa. Nikarudi na gauni langu tu, baridi yote ile, Eldon bado amesimama palepale nilipomwacha. Nikamshika. Walimaliza wimbo wa kwanza, wakamaliza wa pili, mchungaji akaanza kuhubiri, na bado nimemshika, na yeye amenishika, maana kilikuwa kilio cha siku nne.

Tulipoachana Begley akaninong'oneza, "Bibi Delphia, kwa dakika ishirini na tano mlango huu haukuwa na ulinzi." Nikamwambia, "Thurman, basi simama wewe." Akasimama. Mchana huu kamati imenipigia simu: mlango ni wa Travis.

Sawa. Mlango wachukue. Kanuni yao inasema mlango, haisemi kitu juu ya uwanja wa magari. Kuanzia Jumapili ijayo naweka kiti changu cha kukunja pale kwenye nguzo ya taa, na kila mtu nitamkamata anaposhuka garini, kabla hajafika kwa mwenye ngumi. Kwa hiyo futa namba zote, kuanzia ya kwanza mpaka ya tisa. Mafunzo sitaki, ya ghali wala ya bure. Mtihani sifanyi. Wale watu wawili wa jela bado walete, kuni zinahitajika.

Bastola yako ninayo, na usimtume askari. Njoo uichukue mwenyewe, Jumapili, kabla ya kengele. Usipige honi, usiinue vidole. Zima gari, vua huo mkanda wako na kila kilichoning'inia juu yake ukiache ndani, ufunge milango, kisha njoo pale kwenye nguzo ya taa mikono mitupu, yote miwili.